Naomba albamu za wasanii huru wa Nairobi, za kusikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho

Mshonaji wa Uthiru

Hamjambo wapenzi wa muziki. Mimi nashona nguo, nina kibanda Uthiru, na siku nzima mguu uko kwenye cherehani na simu imeunganishwa na spika ndogo hapo juu ya rafu ya vitambaa. Nimechoka na simu kunichagulia. Nikiweka ngoma moja niipendayo, zikipita tatu nne narudishwa kwa zile zile nilizosikia kwenye matatu asubuhi na nitakazosikia jioni nikirudi.

Kuna mteja alikuja kuchukua gauni lake akanitajia Maya Amolo, albamu ya Asali, ya 2022. Niliisikiliza yote bila kuruka wimbo, nikaipiga tena nikipiga pasi. Sikuwa najua kuna mtu hapa Nairobi anaimba polepole namna hiyo, hana haraka ya kufika kwenye kiitikio. Tangu hapo nyimbo moja moja hazinitoshi tena.

Kwa hiyo nataka nyingine. Iwe albamu nzima au EP, yaani albamu fupi. Iwe ya mtu wetu asiye chini ya lebo kubwa, na iwe ya hii miaka ya karibuni. Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kiingereza, hata isiyo na maneno kabisa, mimi niko sawa. Ombi langu moja ni kwamba ukitaja albamu uniambie kwa nini wewe unaipenda. Majina matupu yako kila mahali.

Na nikiweza ningependa pesa yangu imfikie msanii mwenyewe, ila sina kadi ya benki. Mnaolipia mnafanyaje?

Kijana wa Donholm

Kama Asali ilikuingia, nenda moja kwa moja kwa Xenia Manasseh, Love/Hate, ya 2023. Huyu dada anajua kupanga sauti zake mwenyewe nyuma yake, moja juu ya nyingine, na kila ukirudia unapata sauti ambayo hukuwa umeisikia. Mimi huisikiliza usiku nikitoka kazini, jiji likiwa limetulia.

Halafu Karun, Catch a Vibe, 2021. Wengi tunamjua tangu kundi la Camp Mulla, wakati huo akiwa msichana wa shule, na wengine bado wanamngojea arudi kule. Hatarudi, na ni vizuri. Albamu hii ni ya mtu mzima anayejijua. Ukiimaliza tafuta pia Roses & Chocolate, ambayo yuko na Ukweli. Ukweli ni mmoja wa wale watayarishaji wa EA Wave, vijana walioanza kutengeneza midundo yao bila kungoja studio kubwa iwaite.

Fundi wa Luthuli

Dada, salamu. Kijana wa Donholm amekupa R&B nzuri na sina ubishi nayo. Mimi nataka kukupeleka njia nyingine, na nakuomba uvumilivu, kwa sababu ni muziki ambao wengi huuzima kabla haujafungua mdomo.

Natengeneza amplifaya na spika pale Luthuli Avenue. Watu huniletea mashine zinazovuma. Kapasita imechoka, waya wa ardhi umekatika, transfoma imelegea inatetema ndani ya sanduku lake. Mteja anasema tu "fundi, inalia vibaya", na mimi natega sikio nijue ni mlio wa aina gani. Ukikaa kwenye kazi hii unajua kwamba umeme una sauti na kwamba jiji lote hili linavuma usiku na mchana: transfoma za kwenye nguzo, friji za dukani, mabango ya taa, jenereta. Wengi hawausikii mvumo huo mpaka stima ipotee, ndipo mtaa mzima unashtuka na kusema "kumetulia".

Sasa kuna kijana wa Nairobi aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, anajiita KMRU, ambaye ameuchukua mvumo huo akaufanya albamu. Inaitwa Natur, ilitoka 2024 kwa lebo ndogo ya Uingereza inayoitwa Touch. Ni kipande kimoja tu, kinapita dakika 50. Alipohamia Berlin alishangazwa na ukimya wa kule ukilinganisha na Nairobi, akaanza kunasa mawimbi ya sumakuumeme, yaani ile milio ya vifaa vya umeme ambayo sikio peke yake haliwezi kuifikia. Jiji lililoonekana kimya kumbe chini yake linaunguruma. Mimi ambaye kazi yangu ni kuufukuza mlio huo, nilikaa na albamu hii hadi mwisho na sikutaka kugusa kitu. Kuna mahali mvumo mmoja unaingia chini, mzito, na mwingine mwembamba unakuja juu yake, na hiyo miwili inapokaribiana bila kulingana unasikia hewa inapigapiga. Mafundi wa spika tunaujua mpigo huo. Sijawahi kusikia mtu aliyeupenda kiasi cha kuuacha ukae.

Lakini usianzie hapo. Anzia Peel, ya 2020, iliyotolewa na Editions Mego ya Vienna. Hii ni laini zaidi. Ni sauti alizorekodi mwenyewe huku na kule, akazinyoosha na kuzitandaza mpaka hujui tena kama ni upepo, ni watu au ni kinanda. Wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu, unapita dakika 20, na kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko yote. Hauna mahali unapokuambia "sasa sikiliza". Unaingia ukiwa na mawazo yako na unatoka yakiwa yamepangika.

Watu wakisikia hivi huniambia huo ni muziki wa wazungu. Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu nadhani ni kinyume kabisa.

KMRU jina lake ni Joseph Kamaru. Guka yake, yaani babu yake, ni Joseph Kamaru, yule yule mwimbaji wa Kangema, Murang'a. Kama ulikulia nyumba yenye redio na wazee wa Kikuyu, huhitaji kuelezwa. Ndari ya Mwarimu ya 1969, iliyomsema mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake, iliwakasirisha walimu hadi wakatishia kugoma. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 na watu wakawa wananong'ona, Kamaru aliimba. Mzee alifariki Oktoba 2018. Mjukuu ndiye aliyeanza kuzikusanya zile rekodi za zamani, akazisafisha na kuzipandisha Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, na baadaye kukatoka mkusanyiko unaoitwa Heavy Combination, wenye nyimbo za kuanzia 1966 hadi 2007. Kwa hiyo huyu kijana unayeambiwa amepotelea Ulaya na mivumo yake ndiye anayetunza kabati la guka. Mimi nazisikiliza zote mbili kwa kupokezana. Mzee anasimulia mtaa kwa methali na mafumbo, na mjukuu anatega kinasa sauti mtaani na kuuacha ujisemee. Nikizisikia hivyo, siku hiyo hiyo, siwezi kusema hawafanani.

Na si yeye peke yake. Mtafute Nyokabi Kariũki, EP yake ya 2022, peace places: kenyan memories. Kila wimbo ni mahali. Kuna mmoja unaitwa A Walk Through My Cũcũ's Farm, na ndani yake uko kweli shambani kwa shosho, yaani bibi: nyayo, sauti za watu wa nyumbani, na muziki unaopita katikati bila kuwafunika. Kuna mwingine wa kulisha mbuzi maembe. Ana elimu kubwa ya utunzi wa muziki huyu dada, lakini hajaitumia kumtisha mtu. Mwaka uliofuata alitoa feeling body, na hiyo ni nzito, inahusu mwili wake kuugua kwa muda mrefu baada ya korona. Usiisikilize siku umechoka. Ya kwanza unaweza kuiweka hata na wateja ndani.

Wa tatu ni mgumu, na ndiye ninayempenda kuliko wengi. Lord Spikeheart, The Adept, 2024. Alikuwa nusu ya Duma, wale wawili wa Nairobi walioitingisha dunia ya muziki mzito kwa albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. The Adept aliitoa kwa lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Ni mngurumo wa koo la metali juu ya midundo ya kompyuta inayopigwa kwa kasi ya ajabu, na wageni kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Ukiisikia bila habari yoyote utasema ni hasira tupu.

Habari yenyewe ni hii. Spikeheart ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, Field Marshal Muthoni wa Mau Mau. Mama yule aliishi msituni miaka ya vita, akatoka uhuru ulipopatikana, na nywele zake hakuzikata mpaka 2022, aliponyolewa hadharani Nyeri na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. The Adept ilitoka Aprili iliyofuata, na kitukuu wake aliitoa kwa heshima yake. Tangu nilipolijua hilo siwezi tena kuisikia albamu ile kama kelele. Mama wa msituni hakuimbiwa nyimbo za kubembeleza akiwa hai. Alikaa miongo mingi akidai ardhi na kutambuliwa. Mngurumo wa namna hii unamfaa.

Ndiyo sababu nasema haya yote kwa urefu. Muziki wetu wa miaka hii unaoitwa wa ajabu, ule usiochezwa redioni wala kwenye matatu, ndio uliowashika mkono shosho na guka kwa nguvu zaidi. Nawapenda wasanii hawa kwa hilo, na nataka watu wa Uthiru na Donholm wawasikie kabla hawajaishia kuwa wa matamasha ya Ulaya peke yake.

Kijana wa Donholm

Fundi, umeeleza vizuri na hiyo ya Muthoni wa Kirima sikuijua, asante. Ila bado nina swali. Dakika 50 bila mdundo wala sauti ya mtu, mtu anayefanya kazi ataishikilia vipi? Mimi muziki usionigusa mwilini hunipita tu. Hiyo Peel nimeijaribu sasa hivi kwenye simu, nimefika dakika ya nne, na sijui nilitakiwa kungojea nini.

Binti wa Umoja

Naongezea wawili wanaoangukia katikati ya mabishano yenu, wana mizizi na wana mdundo.

Labdi anapiga orutu. Kwa wasiojua, ni ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, na tangu zamani ilikuwa chombo cha wanaume. Nimekua nikiona wazee wakiipiga kwenye matanga kule nyumbani na hakuna aliyemkabidhi msichana. Labdi aliishika, akajifunza, na anaimba akiipiga, jambo gumu kwa sababu orutu haina kituo cha vidole, kila noti unaitafuta kwa sikio. Ukipata nafasi ya kumwona jukwaani usiiache. Sauti ya orutu kwenye simu ni nusu tu; ukikaa karibu unasikia upinde unavyokwaruza kabla noti haijatoka.

Wa pili ni Nabalayo, Changanya, ya 2021. Ni mwimbaji na mtayarishaji, nyimbo zake zinakwenda kwa mizunguko mifupi na sauti yake imerudiwa rudiwa hadi inakuwa kwaya. Naipenda kwa sababu inachezeka na bado ina huzuni. Dada mshonaji, nadhani hii utaipenda kuliko zote zilizotajwa hapa.

Mzee wa Gitaa

Mmesahau roki kama kawaida. Crystal Axis, bendi ya pank ya hapa Nairobi. Hawana albamu kubwa ya kukupa kwa masharti yako, dada, lakini wana nyimbo mbili ninazozihesabu pamoja na chochote kilichotajwa hapa. Leopold ni ya mfalme wa Ubelgiji na aliyoyafanya Kongo. Nyayo House ni ya vyumba vya mateso vilivyokuwa kwenye orofa za chini za jengo lile miaka ya themanini. Ni jengo lile lile watu wanapopanga foleni ya pasipoti hadi leo. Nimewahi kuusikiliza wimbo ule nikiwa kwenye foleni hiyo, na kila nikitazama mlango nilikuwa nawaza walioingizwa kwa mlango mwingine. Gitaa ni chafu, ngoma ziko mbio, na maneno yanasikika yote. Ni dakika chache tu. Zisikilize.

Mshonaji wa Uthiru

Jamani, asanteni. Nimepata kazi ya wiki nzima.

Fundi, umenigusa kwa Kamaru. Baba alikuwa na kanda zake kwenye katoni chini ya kitanda na alikuwa akizipiga Jumapili baada ya kanisa, na kuna nyimbo alizizima sisi watoto tukiingia. Sikujua mjukuu anafanya muziki.

Nimeanza na ile ya Nyokabi leo asubuhi. Ule wimbo wa shambani umeisha na mteja aliyekuwa anapimwa akaniuliza kuku wako wapi. Nimeupenda sana. Peel nimeiweka baadaye, na Kijana wa Donholm, nakuelewa, lakini kwangu imekubali. Cherehani ina mdundo wake tayari. Nyimbo zenye ngoma kubwa hupigana nayo, hii ilitulia chini yake na nikamaliza marinda ya sare zote bila kuinua kichwa.

Tatizo ni Natur. Nimejaribu mwanzo wake na kwenye spika yangu nasikia mikwaruzo ya juu tu, ule mvumo mzito uliousema siupati. Spika imeharibika? Na la malipo hamjanijibu.

Fundi wa Luthuli

Spika yako ni nzima. Hizo ndogo za Bluetooth zina koni ya inchi mbili hivi, na sauti nzito inahitaji kusukuma hewa nyingi, kwa hiyo chini ya kiwango fulani haitoi kitu. Natur nusu yake iko huko chini. Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote, hata za bei ya chini, au uunganishe simu kwa waya kwenye redio ya zamani yenye wufa ya mbao kama bado mnayo nyumbani. Na usiongeze besi kwenye simu, itakuvurugia kila kitu. Hilo linahusu The Adept pia. Ukiisikia kwenye spika ndogo unabaki na makelele ya juu peke yake, unaikosa ile ngoma ya chini inayoshikilia mngurumo.

Kijana wa Donholm, hukutakiwa kungojea kitu. Jaribu hivi: cheza Peel kwa sauti ya chini, dirisha likiwa wazi, na uendelee na shughuli zako. Baada ya muda hutajua boda iliyopita ni ya barabarani au ni ya kwenye albamu. Kama bado haijakugusa, basi. Rudi kwa Xenia, na mimi pia nitamsikiliza vizuri kwa ajili yako.

Malipo ni hivi. Wengi niliowataja wako Bandcamp. Unaweza kusikiliza kabla ya kununua, na ukinunua unapakua faili na inakuwa yako, huhitaji bando tena kila ukiicheza. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kidijitali, ada ya kupitisha malipo inakatwa kando, na kinachobaki kinaenda kwa msanii au lebo yake. Kuna Ijumaa fulani ambazo wanaacha kabisa kuchukua fungu lao. Ukiweza ngojea hizo. Kadi ya benki huhitaji. Kwenye M-Pesa kuna GlobalPay, ni kadi ya Visa isiyoshikika, unaitengeneza kwenye programu ya M-Pesa yenyewe na pesa inatoka moja kwa moja kwenye akaunti yako. Ukifika mahali pa kupakua chagua MP3, usichague FLAC, maana FLAC itakula bando lote kabla albamu haijaisha.

Na kuhusu kanda za baba: usizitupe na usizicheze kwenye mashine iliyokaa muda bila kusafishwa, itazitafuna. Zungusha kwanza kwa mkono, mbele na nyuma, uone kama utepe umeshikana. Zikiwa na ukungu mweupe ziache kwanza. Kwa santuri, yule mzee wa Real Vinyl Guru pale Kenyatta Market amekuwa kwenye biashara hiyo tangu miaka ya themanini na hukosi kumkuta na kitu cha Kamaru. Kwa kanda, niletee mimi Luthuli, nitakuhamishia kwenye faili, kisha tuzilinganishe na zile alizopandisha mjukuu. Kamaru alirekodi nyimbo nyingi mno, na inawezekana katoni ya baba ina moja ambayo haiko huko.

Mshonaji wa Uthiru

Nitaongea na mama Jumapili, katoni iko kwake. Hizo alizokuwa anazizima tukiingia ndizo nitakazoleta kwanza.